Kisu cha Faradji

Faradji alikuwa fundi cherehani wa Gisenyi, mwenye kitambi na miguu iliyozoea kukanyaga cherehani tu. Lakini mdomo! Kwa mwezi mzima alitangaza kwamba kwenye harusi ya binti yake Saidati italiwa nyama ya porini, na atakayemchinja mnyama ni yeye mwenyewe.

Bunduki na kibali cha serikali vilikuwa vya jirani yake Phocas, Mkristo. Kibali cha mwaka ule, 1954, kiliruhusu pongo mmoja tu, dume, nje ya mipaka ya hifadhi. Phocas angepiga risasi, Faradji angekimbia na kisu amuwahi mnyama angali hai, achinje kwa bismillahi, ili Waislamu waweze kula. Akichelewa, ni mzoga.

Porini juu ya Busasamana bunduki ikalia. Pongo akaanguka, akainuka, akaja upande wa Faradji na pembe zake. Shujaa wetu alikimbia kweli, ila upande mwingine. Hata yeye hajui aliupandaje mti na kanzu.

"Shuka, Faradji! Iko nakufa!" Phocas alipiga kelele.

"Mi nashuka!" alijibu, akizidi kulikumbatia tawi.

Aliposhuka, pongo alikuwa amekwisha kukata roho. Faradji akamchinja hivyo hivyo, kwa aibu. Mlinzi wa wanyama, Mbarushimana, akafika, akatazama pembe, akagonga muhuri kwenye kibali. Faradji akamsihi awaruhusu wa pili.

"Mumoja ni mumoja, muzee. We ulikuwa wapi?"

Nyumbani masufuria yalikuwa tayari jikoni.

"Baba, ulimukuta iko muzima?" Saidati aliuliza.

Shingo ilikuwa imekatwa, na Phocas alishaahidi kunyamaza. "Ndiyo" moja ingetosha. Lakini Faradji aliwaza wageni sitini wakila mzoga kwa sababu ya woga wake, binti yake akiwa kati yao, na moyo ukamuuma.

"Hapana, mwanangu. Mi nilikuwa juu ya muti."

Mukandutiye, mama wa bwana harusi, akauliza, "Na kanzu?"

"Na kanzu."

Kicheko kilisikika mpaka kwa Phocas, ambako nyama yote ilikwenda. Harusi ikala maharage. Faradji aliyagawa mwenyewe, kanzu imechanika mgongoni, masikio yakimuwaka. Mukandutiye akapokea sahani, akaikagua.

"Bon, muzee. Haya ulichinja mwenyewe?"

"Ndiyo, mama," Faradji alisema. "Hayana pembe."