Ndoo ya Siki

Mimi nikigundua kitu, hata kama ni njia ya kumenya kitunguu saumu bila kunuka vidole, lazima nikiposti Jikoni Kwetu. Ndilo grupu letu la Watsapu, wanawake tuliosoma pamoja hapa Dodoma, pamoja na shangazi yangu Stara aliyeomba kuingizwa ili, kwa maneno yake, atuchunge. Kwa hiyo Machi, mwenzetu Dorkasi aliponiletea zabibu zilizopondeka kutoka shamba lao la Makutupora, nilizikamua kwenye ndoo, nikafunika kwa kitambaa, nikaposti: "Natengeneza siki."

Siku chache baadaye nikaposti tena, mapovu yamejaa juu. Hapo ndipo nilipojiponza.

"Rukaya, hiyo ni pombe," aliandika Joha, anayefanya kazi ofisi za serikali kule Mtumba na hakosi la kusema. Shangazi hakuandika. Alipiga simu.

"Achari ya Maulidi unaitengeneza wewe miaka yote. Sasa watu waseme wamelishwa na mpika pombe? Kaimwage. Usipoimwaga, mkono wako hautaingia tena kwenye chakula cha Maulidi."

Iliniuma. Achari ile nilifundishwa na marehemu mama, na hakuna siku nyingine watu wanapomtaja mbele yangu kwa furaha. Lakini kumwaga? Nilikwenda kwa Maalim Mbaruku, nikamwamkia, nikamweleza yote.

"Maji ya zabibu hayafiki kwenye siki bila kupita kwenye ulevi," alisema. "Yakigeuka yenyewe, ni halali. Lakini ukitia kitu ili yageuke, sisi Mashafii haturuhusu. Basi, binti yangu, iache. Usiiguse."

Liwalo na liwe, nikasema. Nikaposti maneno yake, na kila Ijumaa nikaposti picha ya ndoo. Hakuna aliyejibu isipokuwa Dorkasi: "Shoga, kwetu ingekuwa imeshanyweka zamani." Nilicheka peke yangu, nikaposti nyingine. Mimi sinyamazishwi kwa kununiwa.

Kufika Agosti harufu yake ilikuwa inachoma pua hadi uani. Shangazi alikuja mwenyewe, akaonja kwa ncha ya kijiko, akakunja uso wote. "Siki," alisema. Kabla hajafika kwake alikuwa ameshaandika kwenye grupu kwamba achari ya Maulidi ni ya Rukaya. Joha akaomba chupa mbili, bila haya.

Sijamaliza kufurahi, Insiya, rafiki yangu mwenye duka la vitambaa asiyekuwemo kwenye grupu, akasikia habari, akaniandikia: "Hongera! Nilijua ingewahi. Siku ile nilipokuja kukutembelea, ulipokwenda kunichemshia chai, niliimiminia kikombe cha siki yetu. Nyumbani kwetu ndivyo tunavyoianzisha."

Nilikaa chini. Insiya alinisaidia kwa moyo safi. Madhehebu yao si ya Kishafii, na kwao hakuna ubaya. Na nani angejua? Siki ilikuwa nzuri ajabu. Ningeweza kuapa mbele ya Shangazi kwamba sikuigusa, na kiapo kingekuwa cha kweli. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba nilikuwa nimeshaanza kukipanga kichwani.

Nikaiburuta ndoo hadi kwenye shimo la taka. Nikajirekodi nikimwaga, yote, huku machozi yakinitoka, na si kwa ukali wa siki. Nikaposti video ile na maneno haya: "Ilitiwa kitu bila mimi kujua. Aliyetia hana kosa, msimtafute. Dorkasi, mkianza kuchuma zabibu za msimu huu niletee. Naanza upya."

Nilijua nimeipoteza achari ya mama, na bado nikaenda kuisugua ndoo kwa majivu.

Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti wa Shangazi. Alikohoa kwanza, kama afanyavyo akitaka kusikilizwa.

"Rukaya, siki ya Maulidi tutanunua dukani. Mkono tunautaka wako."