Jiwe Katika Bahari ya Makomeno

Estelle alianza kuionea wivu ile mashine kabla haijatolewa hata kwenye katoni yake. Mumewe, Ruphin, aliiweka mezani Jumamosi mchana, vumbi la barabara ya Kolwezi likiwa bado kwenye viatu, akaifungua polepole kama mtu anayemvua nguo mtoto mchanga. Ilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa nusu mkate, chenye nyaya nyingi na vijiti vitatu vya kutumbukiza majini.

"Ni contrôleur," Ruphin alisema. "Inapima mayi saa yote: température, chumvi, pH. Kisha inatuma byote mu telefone. Hata niko Kolwezi, minaona."

"Nani alikupa?"

"Christiane. Ni yake ya zamani."

Jina hilo Estelle alikuwa akilisikia tangu Pasaka. Christiane alikuwa injinia mwenzake Ruphin kule mgodini Kolwezi, na yeye pia, kama wao, alifuga matumbawe nyumbani kwake ndani ya tangi la maji ya chumvi. Christiane anasema chumvi ipimwe hivi, Christiane anasema taa ziwashwe vile. Estelle hakuwahi kumtia machoni, na hilo lilimzidishia uchungu, maana mtu usiyemwona huna hata pa kumtoa kasoro.

"Anatuazima semaine mbili," Ruphin aliendelea. "Tukiona inafaa, tununue yetu ya mupya. Bei yake nguvu, inapita ya pikipiki. Wewe njo unakalaka na mayi, Mama Keren. Wewe njo utasema: tununue ao tuache." Uamuzi aliuacha kwa mkewe.

Tangi lenyewe lilichukua ukuta mzima wa sebule yao ya Makomeno. Huko Katanga bahari ni neno la kwenye ramani, lakini wao walikuwa nayo, lita mia nne: chumvi ilivuka mpaka kwa magunia, maji yakachujwa mara tatu, na matumbawe yakakua kwa miaka sita, ya zambarau, ya kijani, na moja la waridi ambalo Ruphin alimpa mkewe walipotimiza miaka ishirini ya ndoa. Ruphin akiwa Kolwezi wiki mbili kwa mpigo, aliyejaza maji, aliyekwangua vioo na aliyewasha betri umeme ulipokatika alikuwa Estelle.

Na kila jioni, saa kumi na mbili kamili, simu ililia. "Mama Keren, mayi iko aje?"

Tuseme ukweli, mwanzoni hata tangi alilionea gere. Mwanamume gani anauliza hali ya uduvi kabla ya hali ya mkewe? Lakini Ruphin akishamaliza habari za maji aliuliza kama amekula, kisha jirani amesema nini, kisha binti yao Keren anaendeleaje huko Kasapa alikohamia ili awe karibu na masomo, na mara nusu saa imepita wanacheka. Bila maji, Ruphin hakuwa mtu wa simu. Sasa kama mashine itamwambia habari za maji, atapiga ya nini? Hilo Estelle hakulisema. Alisema tu, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, Papa Keren."

"Tutaona," Ruphin alijibu, huku akifunga vijiti kwenye kioo.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Jumatatu, Ruphin akiwa amesharudi Kolwezi, saa kumi na mbili Estelle alikaa na simu mapajani. Haikulia. Ulikuja ujumbe: "25,4. pH 8,2. Byote biko bien. Bonne soirée." Jumanne ukaja ujumbe uleule, namba nyingine. Jumatano alijitia kuuliza yeye, akaandika: hizo namba unaziona wewe peke yako? Ruphin akajibu bila hila yoyote: "Na Christiane pia, juu compte ni yake." Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwa jina la Christiane.

Basi hapo roho ilimuuma kweli. Aliwaona wawili hao mezani, kwenye ukumbi wa chakula wa mgodi, vichwa vimeinamia simu moja, wakitazama maji yake. Maji aliyoyabeba kwa ndoo kwa mikono yake! Usiku huo hakugusa sahani yake ya bukari. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Estelle alishiriki bila kubakiza.

Jumapili ya pili Mama Agnès, mama mkwe wake, alikuja baada ya misa na fungu la lengalenga kutoka shamba lake la Kasungami. Wakanywa chai. Estelle aliingia jikoni kuchambua mboga, na bibi akabaki peke yake mbele ya tangi, akisema na samaki.

Jumatatu asubuhi Estelle alipokwangua kioo aliliona. Nyuma ya tumbawe la zambarau, juu ya mchanga, lilikaa jiwe la malakiti lenye mistari ya kijani, ukubwa wa ngumi. Alilijua. Marehemu baba mkwe, mtu wa tanuri za shaba, alipewa jiwe hilo siku aliyostaafu, na Mama Agnès alilitunza miaka yote juu ya kabati lake. Katanga mtu akitaka kuheshimu nyumba huleta malakiti, na bibi alikuwa ameiheshimu bahari ya mwanawe.

Ila malakiti ni shaba. Na shaba, ndani ya maji ya matumbawe, ni sumu. Ilikuwa sheria ya kwanza aliyofundishwa na Ruphin, tena kwa kicheko: mji mzima unakula kwa shaba, lakini humu isiingie hata sarafu. Estelle alikunja mkono wa blauzi. Vidole viligusa maji, kisha akatupia jicho kile kisanduku. Kilimeremeta taa yake ya kijani: kila kitu kizuri. Hakikuona jiwe. Hakina kijiti cha kupima shaba.

Akautoa mkono.

Alijiambia ni mpaka jioni tu. Ruphin akipiga, nitamwambia, na jiwe nitalitoa papo hapo. Asipopiga, basi ajionee mwenyewe mashine ya Christiane ina faida gani. Saa kumi na mbili ukaja ujumbe: "25,3. Byote biko bien."

Jumanne konokono wawili walianguka kutoka kwenye kioo. Ujumbe. Jumatano uduvi mwenye mistari myekundu, yule aliyezoea kupanda mkononi mwa Estelle na kumsafisha kucha, alilala ubavu. Estelle alimtoa kwa kijiko, akamzika kwenye chungu cha maua, akalia. Lakini jiwe hakulitoa. Aibu ilimwambia toa, na wivu ukamwambia siku moja tu, labda leo atapiga. Ujumbe.

Alhamisi saa kumi na mbili simu ililia. Aliidaka kwa haraka hata akaiangusha. Namba hakuijua.

"Mama Keren? Jambo sana, mama. Ni Christiane." Sauti ilikuwa ya heshima, ya mwanamke mtu mzima, tena yenye mafua. "Samahani kukusumbua. pH yenu inashuka kidogo kidogo tangu mardi, leo siku ya tatu. Si mingi, alarme haiwezi kulia. Mais courbe, ule mustari mu telefone, hainipendeze. Ba-coraux balifunguka leo?"

Estelle alitazama tangi. Matumbawe yalikuwa yamejikunja yote.

"Balifunguka," alisema. "Byote biko bien."

"Ah, aksanti. Nilitaka niulize kwanza, juu Papa Keren anasemaka mu mayi wewe unamupita hata yeye. Lala bien, mama."

Alikaa na simu mkononi mpaka giza likaingia sebuleni. Hakuwa amebakiwa na wa kumchukia.

Ijumaa alfajiri aliingiza mkono hadi begani akalitoa jiwe. Alibadilisha maji, ndoo baada ya ndoo, akatia makaa ya kuchujia, akabadilisha tena mchana. Lile tumbawe la waridi nyama yake ilining'inia kama uzi wa kitambaa kilichochanika, na kufikia jioni ulibaki mfupa mweupe.

Jumamosi Ruphin alifika akamkuta mama yake kwenye kochi, amekuja kumsalimia. Alimbusu, kisha akaliona tangi. Alisimama bila kuvua begi. Akatoa simu, akaitazama, akatazama tena kioo.

"Mais hapa yote iko vert," alisema, akionyesha alama za kijani kwenye simu.

Jiwe lilikuwa mezani, juu ya kitambaa. Estelle hakulificha.

"Hii ilitoka wapi?"

Mama Agnès alijifunika mdomo. "Ni mimi, mwana. Ni jiwe ya baba yako. Nilisema bahari yako ikuwe na kintu ya kwetu. Ni mimi nilibaua ba-coraux?"

"Hapana, mama. Hukujua." Ruphin alipiga magoti akamshika mikono, lakini bibi alikuwa tayari analia ndani ya kitenge chake. Kisha akageuka kwa mkewe, macho yamejaa shukrani. "Aksanti juu wewe uliona. Unaona? Machine ni bure kabisa, haione hata shaba mbele yake! Lundi minairudisha. Hatununue. Nitakuwa ninakupigia wewe, sawa zamani."

Kila alichokitaka Estelle kilikuwa kimewekwa mkononi mwake. Alitakiwa kufumba mdomo tu. Mama Agnès alikuwa akilitaja jina la marehemu mumewe, akimwomba msamaha.

"Mama, usilie," Estelle alisema. "Uliweka dimanche. Mimi nilikuta lundi asubuhi." Alivuta pumzi. "Nilitoa vendredi."

Ruphin aliinuka taratibu. Ilionekana anazihesabu siku, tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

"Ulingojea nini?"

"Telefone yako."

Ruphin aliiweka simu mezani, kando ya jiwe.

"Na Christiane alinipigia jeudi," Estelle aliendelea, maana alijua akinyamaza hapo hatarudia tena. "Machine iliona pH inashuka. Aliniuliza. Nikamudanganya."

Ruphin alikaa kwenye kiti cha mezani, begi bado mgongoni, akawa anaitazama mifupa myeupe kwenye maji. Alipozungumza hakumgeukia.

"Nilikuambia wewe njo utasema. Sasa sema. Tununue ao tuache?"

"Nunua," Estelle alijibu. "Haione yote. Mais haina na wivu."