Pilipili ya Paka kwenye Meza ya Rubí

Mama yeyote mwenye mtoto mchanga na paka chini ya paa moja, soma haya kabla hujasikiliza ushauri wa jirani. Mimi shule niliishia darasa la sita, na haya sikuyapata kwenye kitabu. Yalitokea juu ya meza yangu.

Paka wetu ni mweusi tii, tunamwita Masizi. Tangu alipoingia kwetu kazi yake ilikuwa kupanda mezani. Ile meza ya duara, fupi, tunayoizunguka kwa vigoda tukipiga tortiya, chapati zetu za mahindi, iko karibu na mafiga, kwa hiyo ina joto na inanukia unga wa mahindi. Ungekuwa paka ungelala wapi? Ukigeuka kuchochea moto tu, keshajinyoosha katikati kama mwenye nyumba.

Wifi yangu Nelva, dada wa mume wangu Gaspar, anaishi ua mmoja na sisi. Hakujaliwa mtoto. Alipoona tumbo langu limeanza kutokeza, aliniwahi kabla hata sijamwambia mama yangu mzazi.

"Huyo nitambeba mimi, Landy. Ole wako umpe mtu mwingine."

Alikuwa anazungumzia hetzmek. Kwetu Yucatán, hapa Meksiko, mtoto wa kike hufanyiwa akiwa na miezi mitatu, kwa sababu mafiga ni matatu. Mama msimamizi humbeba ubavuni kwa mara ya kwanza, miguu imepanuliwa kiunoni, akaizunguka naye meza, na kila mzunguko humshikisha kitu cha kazi atakazofanya ukubwani. Kuanzia siku hiyo msimamizi na mama mtoto wanaitana komadre mpaka kaburini. Nelva alilitaka neno hilo kuliko dhahabu. Nami nikamkubalia kwa moyo mweupe.

Ubaya ulianza na bata mzinga. Siku ya kumkumbuka marehemu mama yao, Nelva alipika bata mzinga wa mchuzi mweusi, akamweka kwenye meza yangu, akaenda kubadili nguo. Wanawake wa sala wakaingia na kumkuta Masizi kasimama juu ya meza, paja la bata mdomoni. Doña Eligia, bibi anayeongoza sala hapa kijijini, ulimi wake hauna breki.

"Jamani, marehemu karudi na mkia!"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Nelva akasimama mlangoni na kanga yake mpya ya mabegani.

"Cheka, Eligia. Cheka ushibe. Na huyo mwizi, iko siku nitamfanya na yeye achekwe mbele ya watu."

Tangu hapo ikawa ni kandambili. Akimwona Masizi mezani, kandambili. Akimwona sakafuni, kandambili. Lakini jioni, akiwa anakula na roho yake imetulia, humtupia ngozi ya kuku palepale juu ya meza.

"Wifi," nikamwambia, "jana umemlisha mezani, leo unampiga mezani. Ashike lipi?"

"Kwa hiyo nimpigie magoti?"

"Ukimpiga anajifunza kukuogopa wewe, haogopi meza. Ukitoka tu, anapanda."

"Paka hafundishwi, Landy. Paka anakomeshwa."

Mimi nikamfundisha. Nilimtafutia kigoda chake, nikakitandikia gunia kuukuu, nikakiweka upande wa pili wa mafiga, kwenye joto lilelile. Mezani nikawa natandaza maganda ya danzi, maana harufu yake paka haipendi kabisa. Chakula nikafunika, makombo nikafuta. Akipanda, namnyanyua bila neno, namshusha. Akienda mwenyewe kwenye kigoda, anapata kichwa cha samaki hapohapo, si baadaye. Ilichukua muda na ilinichosha, nina mtoto kifuani na paka mguuni. Lakini Rubí wangu alipokaribia miezi mitatu, Masizi alikuwa akiingia jikoni anakwenda moja kwa moja kwenye kigoda chake, anakaa, ananitazama. Hata maganda nikaacha kuweka.

Nelva aliona yote hayo. Akasema paka ananidanganya.

Asubuhi ya hetzmek nilikwenda mashineni kusaga mahindi, nikamwachia Nelva aandae meza, kwa kuwa ndiye msimamizi. Niliporudi, wageni wameshafika, kitambaa cheupe kimetandikwa, na juu yake vimepangwa kijiko, kalamu, uzi na mkasi mdogo, pembeni kuna bakuli la mbegu za maboga zilizosagwa na mayai ya kuchemsha. Bata mzinga alikuwa anatokota. Nelva kavaa hipil, gauni letu jeupe la maua, aliyoidarizi mwenyewe, na kwenye begi lake alikuwa na nyingine ndogo, ya Rubí, maua yaleyale. Sikuwahi kumwona amependeza vile.

Alimbeba mwanangu ubavuni, wakaanza kuzunguka. Akamshikisha kijiko. Akamshikisha kalamu. "Shika, mama, uje uwe na akili kuliko baba yako," akasema, Gaspar akacheka. Rubí anakifinyafinya kitambaa, ngumi inakwenda mdomoni, ngumi inakwenda machoni, kama watoto wote wa umri ule. Ghafla akalia.

"Sauti hiyo!" doña Eligia akasema. "Huyu atauza sokoni bila kipaza sauti."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mama anakijua kilio cha mtoto wake, na kile sikuwahi kukisikia. Nikamnyakua. Uso umeiva, midomo imevimba, jicho la kulia limefumba na kope zinavimba huku nazitazama. Nikanusa kile kiganja kidogo.

Pilipili mbuzi.

Doña Eligia akaweka kidole juu ya kitambaa, akakigusisha ulimini, akatema chini. Akafunua kitambaa. Mbao zilikuwa zinang'aa, na kwenye mianya mbegu za pilipili zimenasa.

"Hii haikumwagika," akasema. "Hii imepakwa. Nani kapaka?"

Nelva alikuwa anajifuta mikono kwenye hipil yake.

"Nilimpakia paka," akasema. "Nilijua leo kuna bata, lazima angepanda. Nilitaka aungue nyayo, aruke hapa mbele yenu, mumcheke yeye kama mlivyonicheka mimi. Kitambaa... nilidhani uzito wa paka ungekipenya, vidole vya mtoto visingefika. Landy, nilimtaka paka! Sikumtaka mtoto!"

Nikageuka kutazama mafiga. Masizi alikuwa kwenye kigoda chake, bata anatokota karibu yake, na hajainua hata mguu. Katika nyumba nzima ile, kiumbe pekee ambaye asingeigusa meza ni huyo aliyewekewa pilipili.

Gaspar alitukimbiza zahanati kwa pikipiki. Nesi alimwosha mwanangu jicho kwa maji mengi, akamwosha tena, akaniambia tusubiri uvimbe ushuke ndipo tujue kama jicho limeumia ndani. Tusubiri! Nilikaa na neno hilo kwenye bembea ya wavu, mtoto kifuani, jicho limefungwa kama kovu. Kila nilipomtazama nilimwona Nelva anachukua pilipili, anakata, anasugua mbao kwa furaha. Nilimpangia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilisema moyoni, jicho hili likipona nitamwadhibu kidogo, lisipopona ua huu hautatutosha.

Uvimbe ulishuka polepole. Asubuhi moja Rubí akafumbua. Nikapitisha kijiko mbele yake, kushoto, kulia. Macho yote mawili yakakifuata. Nililia mpaka Gaspar akadhani kumetokea msiba.

"Sasa msamehe dada yangu," akaniambia nilipotulia. "Hana mtoto, Landy. Hiyo ndiyo furaha yake pekee."

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana."

Rubí alikuwa hajatimiza miezi minne, kwa hiyo hetzmek ilirudiwa. Nilimtuma Nelva aisugue meza kwa majivu na danzi, nje uani, mchana watu wakipita. Alisugua mpaka vidole vikapasuka. Hakulalamika, maana alidhani hiyo ndiyo bei, na akishalipa atambeba. Aliponitolea ile hipil ndogo, nikaipokea, nikasema asante.

Siku ilipofika alikuja amevaa ileile yake, akanyoosha mikono. Mimi nikampita na mtoto, nikamkabidhi doña Eligia.

"Beba, komadre," nikasema, na nililisema kwa sauti.

Eligia mwenyewe aliduwaa. "Landy, una hakika?"

"Zunguka."

Akazunguka. Rubí akashika kijiko, akashika kalamu, akailamba ngumi yake, akacheka. Nelva alikuwa kasimama pale mlangoni, palepale alipochekwa siku ya bata. Kisha akaangaza macho kutafuta pa kukaa, na ndipo akaona kigoda cha Masizi. Gunia nilikuwa nimelitoa. Paka alikuwa kajikunja juu ya ile hipil ndogo ya Rubí, maua aliyoyadarizi Nelva yote chini yake.

"Hata paka, Landy?" akasema polepole. "Hata paka umempa nafasi?"

"Paka amejifunza," nikamjibu.

Akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyemfuata.

Kwa hiyo nakuonya, mama mwenzangu. Usipake pilipili mezani, wala kwenye kochi, wala kabatini, na mtu akikupa ushauri huo mtoe nyumbani kwako siku hiyohiyo. Paka mpe mahali pake pa joto, mlipe akikaa hapo, na watu wote wa nyumba wawe na neno moja. Basi. Mtoto anagusa kila anachokifikia, na mwenye kisasi hatazami nani mwingine ana mikono.

Rubí sasa anatembea. Nelva bado anapita uani kwetu akienda kuchota maji, na bado hujaribu: "Hujambo, komadre?"

"Sijambo, Nelva," namjibu. Nelva tu.

Mtoto akimwona humnyooshea mikono, hajui lolote. Mimi namhamishia ubavu wa pili.