Futi Kamba Katika Shamba la Mama Theodora

Mwaka 1994, soko huria lilipokuwa limekwisha kutuletea wanunuzi binafsi wa korosho, kijiji chetu, kilicho mwendo wa saa moja kutoka Kitangari, kilijiwa na mradi wa kupima vichaka. Kanuni ya mradi ilibandikwa ukutani: shamba ambalo matawi ya vichaka yamefunika zaidi ya sehemu arobaini katika mia ya ardhi yake lingehesabiwa kuwa pori lisilo na mwenyewe, na mwekezaji angeweza kupewa.

Aliyeandika kanuni hiyo bila shaka alikuwa msomi. Mkulima hakuwa. Kwetu huku juu, ardhi iliyochoka hulazwa miaka sita au saba, vichaka vikaota, udongo ukapata nguvu, ndipo mwenyewe akarudi kufyeka. Kwa hiyo mwenye subira kuliko wenzake ndiye angekuwa wa kwanza kunyang'anywa.

Mwenye subira huyo alikuwa Josephina, mjane, ambaye sote tulimwita Mama Theodora. Ekari zake nne zilikuwa katika mwaka wa saba wa mapumziko, na shamba lake jingine lilikuwa limechoka kiasi cha kutoa mihogo minene kama kidole. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Silvano, alikwisha kumtembeza mwekezaji katika ekari hizo mara mbili, akizionyesha kwa fimbo kana kwamba ameachiwa na babu yake.

Siku ya kupima ilipokaribia, Mwenyekiti aliamuru njia pana ifyekwe kutoka barabarani hadi upande wa pili wa shamba lile, kisha ikafagiliwa. Mgeni mkubwa hapitishwi majanini. Ndiyo heshima yetu. Mimi, kwa kuwa nilifundisha hesabu darasa la saba, niliteuliwa kuandika vipimo.

Mpimaji alikuwa kijana aitwaye Cuthbert, aliyevaa suruali ya kaki yenye mkunjo wa kukata nyanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima au kuposa?"

Cuthbert alitabasamu kidogo, akatufafanulia utaratibu. Mwelekeo hupatikana kwa dira. Futi kamba ya mita hamsini huvutwa moja kwa moja, bila kujali miiba. Kisha huandikwa urefu wa kila kipande kilichofunikwa na matawi. Nilipendezwa sana. Ni nadra kusikia utaratibu uliopangwa vizuri namna ile.

Dira ilielekeza kwenye kichaka kilichoning'iniwa na maganda ya kahawia yenye manyoya.

"Huo ni upupu, mwanangu, na umekauka," alisema Mama Theodora. "Ukiutikisa, utajikuna mpaka Jumapili."

"Mama Theodora! Usimtishe mgeni!" Mwenyekiti alifoka.

"Nani kamtisha? Njia ya kuingilia ni hiyo. Aingie."

Cuthbert aliyatazama maganda, akaitazama suruali, akaitazama dira. Kisha akageuka taratibu, hatua moja baada ya nyingine, mpaka dira ikakubaliana na njia ya Mwenyekiti.

"Tuanzie hapa," alisema. "Kitaalamu, njia nayo ni sehemu ya shamba."

Tulivuta futi kamba mara tatu, mara zote juu ya ardhi iliyofagiliwa. Palipokuwa na tawi lililochungulia njiani, nililiandika. Mita mbili na nusu, tatu na nusu, tatu kamili. Jumla mita tisa katika mia na hamsini: sehemu sita katika mia.

"Sita?" Mwenyekiti aliruka. "Mheshimiwa, hebu inua macho! Humu hata nguruwe wanapotea!"

"Takwimu hazitolewi kwa kuinua macho, Mwenyekiti. Ila kama una mashaka, tutarudia. Shika mwanzo wa futi kamba, utangulie nao pale." Akaonyesha upupu.

Bwana Silvano alikuwa amevaa suti yake ya mapokezi. Aliyatazama yale maganda kwa muda.

"Utaalamu ni utaalamu," alisema.

Cuthbert alinigeukia. "Mwalimu, hesabu ni sahihi?"

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimewarudisha watoto ubaoni kwa kupima mstari usiohusika. Mama Theodora hakuwa akinitazama usoni; alikuwa akiitazama kalamu yangu.

"Jumla ni sahihi," nilijibu. "Nimeihakiki mara mbili."

Nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikatia sahihi.

Gari lilipoondoka, naye Mwenyekiti akaondoka bila kuaga, Mama Theodora aliniuliza, "Mwalimu, sasa ni langu?"

"Lilikuwa lako tangu awali, mama. Leo fomu nayo imekiri."

Hakucheka.

"Ipo siku watamleta mwenye suruali kuukuu," alisema. Akajifunga khanga kiunoni, akachukua panga, akazunguka upande usio na upupu, akaanza kufyeka.