Mzee wa Waithera

Ujumbe uliingia Jamleck akinywa chai: "Waithera, tunakukumbusha kliniki ya presha kesho. Usikose."

Waithera alikuwa amezikwa tangu Machi. Hakuwahi kuwa na simu. Hospitali ilipohamishia mafaili kwenye kompyuta, iliandikwa namba ya mumewe, Jamleck. Kwa hiyo kila mwezi hospitali ilimwita marehemu, na kila mwezi Jamleck alitembea kutoka mtaa wa Woodley hadi kliniki, akaketi kwenye benchi walilozoea kukaa pamoja hadi foleni iishe, kisha akarudi nyumbani. Hakumdanganya mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Safari hii aliulizwa. Naliaka, karani wa rekodi, alitoka dirishani akaketi kando ya mzee huyo.

"Guka, cucu Waithera yuko wapi? Kompyuta inasema hachukui dawa."

"Alienda ushago, kule kijijini."

"Atarudi lini?"

Jamleck alivua kofia. "Amelala huko, mami. Tulimzika."

"Woi. Pole sana, guka." Naliaka akainuka. "Basi lazima niandike kwamba amefariki."

"Usiandike. Ukiandika, simu itanyamaza. Nyumbani wote sasa wanasema 'marehemu'. Ni hii simu tu inamwita jina."

"Nisipoandika, ataonekana ameacha dawa. Watafiti husoma hizi rekodi wajue ni dawa gani inasaidia wazee. Watamhesabu mtoro."

"Mtoro? Waithera?" Jamleck alicheka bila kutaka. "Huyo alimeza dawa kabla ya chai, hata siku ya harusi ya bintiye! Mtoro ni mimi na nyama choma."

Naliaka akamwita dirishani, akamgeuzia kompyuta. Vipimo vya presha ya Waithera vya miaka yote vilikuwa vimechorwa mstari mmoja.

"Watafiti jina wataliondoa. Huu mstari utabaki. Ona hapa, presha ilipanda ghafla."

Jamleck aliutazama mwaka. "Ndipo niligongwa na bodaboda."

"Na hapa ikashuka."

"Nilikuwa nimetoka wodini."

Alisimama pale muda mrefu, kidole kikiwa kwenye kioo, mahali mstari uliposhuka.

"Andika," akasema.

Naliaka aliandika. Kisha akauliza, "Na wewe presha yako ni ngapi?"

"Mimi nilikuwa nasindikiza tu."

"Leta mkono."

Mashine ilionyesha iko juu. Naliaka alitikisa kichwa, akamfungulia faili lake mwenyewe kwa namba ileile ya simu, ili daktari amwanzishie dawa.

"Kuna nafasi hapa ya jina la kuitwa. Watu wanakuitaje?"

Jamleck alifikiri. Kule soko la Toi, mkewe alikouza mboga, hakuna aliyelijua jina lake yeye la kitambulisho; walimwita kwa jina la mkewe.

Mwezi uliofuata simu ililia chai ikiwa mezani: "Mzee wa Waithera, tunakukumbusha kliniki ya presha kesho. Usikose."

Akakisogeza kikombe kando, akameza dawa kwanza.