Kelele Zilizokosa Pa Kuzikwa

Jana mchana, kichwa kikiwa mezani juu ya barua, niliota nimeitwa kusikiliza kesi ndani ya amplifaya.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa Mzee Kombo, mwenye karakana. Nilimwandikia kwamba amplifaya ya shule inavuma kwa sababu Mwantumu, fundi mwenzangu, ameichezea. Mzee alishaapa: atakayetajwa, kazi hana.

Naingia kwa tundu la fyuzi. Ndani ni ofisi ya kata. Kwenye benchi wamekaa waya mwembamba wa maikrofoni na waya mnene wa umeme, wamefungwa pamoja kwa kamba ya plastiki.

"Nani anavuma humu?" nauliza.

"Si mimi," anasema mwembamba. "Huyu jirani ananong'ona kutwa, nami nayabeba maneno yake. Nitazibaje masikio na mikono imefungwa?"

"Mwantumu ndiye aliyewafunga?"

"Fundo ni lako, Fundi Shomvi. Ulisema waya zipendeze kama nywele za bibi harusi."

Kweli nilisema. Lakini siwaamini. Waliofungwa kamba moja hawakosi kula njama.

Nadai kumwona mkubwa wao, waya wa ardhi, ambaye kelele zote hupelekwa kwake azizike. Mara benchi ni dirisha la karakana, naye ananing'inia kwenye nondo, amebanwa kwa kibanio. Nyuma yake kelele zimepanga foleni, kila moja na kitambulisho chake.

"Mbona huziziki?" nauliza.

"Wapi, baba? Ardhi naisikia tu kwa watu."

"Nondo hiyo imepita ukutani hadi ardhini!"

"Mimi sijabanwa kwenye nondo. Nimebanwa kwenye rangi. Mwantumu alikwambia uikwangue kwanza."

"Sikumbuki."

"Alikwambia mbele yangu, Jumanne. Ukamwambia akapike chai."

Aibu inanishika hadi masikioni. Nakwangua kwa ukucha mpaka chuma kinang'aa. Kelele zinashuka moja moja, zikipiga hodi kwa adabu. Ya mwisho inaniomba nifunge mlango.

Nikaamka. Mwantumu alikuwa ameinamia amplifaya, taa yake ikiwaka.

"Imenyamaza!" akasema. "Umeifanyaje, kaka Shomvi?"

Nilitazama mkono wangu. Ukucha wa kidole gumba ulijaa rangi ya kijani, ile ya dirishani.

"Nimefanya ulivyoniambia Jumanne," nikamjibu.

Kisha nikavuta barua, nikakata jina lake, nikaandika langu. Kidole gumba kikaacha alama ya kijani pembeni mwa sahihi.