Gramu Thelathini na Sita za Maji

Wiki tuliyomzika baba, vifungo vilinifariji kuliko watu. Nilijifungia kwenye chumba changu cha kushonea nikawa navipima tu. Vifungo hununuliwa kwa kilo, na hakuna fundi mwenye akili zake anayeketi kuvihesabu kimoja kimoja. Unapima mia, unapima mfuko mzima, unagawanya, basi.

Baba alikuwa mwalimu wa kemia. Mimi ndiye niliyemuuguza hadi mwisho, kwa hiyo ndugu walisema Jumamosi, watakapokusanyika kumkumbuka, mimi ndiye nizungumze. Sijazoea kusema mbele za watu. Nilikuwa na jambo moja tu ambalo niliona linatosha, na kaka yangu nilikuwa nimeshamwambia: baba hakuwahi kunidanganya.

Alhamisi binti wa kaka yangu akaingia na begi la shule, akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Shangazi, hizi moli za kemia zitaniua."

"Zimemshinda shangazi yako, hazikuui wewe," nikamwambia. "Hebu njoo hapa."

Nikamwekea kwenye mizani vifungo mia vya shati. Nikavitoa, nikaweka mia vya koti.

"Idadi ni ileile?"

"Ndiyo."

"Na uzito?"

"Vya koti ni vizito. Sasa?"

"Sasa moli ndiyo hiyo mia yetu, ila ni mia kubwa isiyohesabika. Kila kitu kina uzito wa moli yake. Ukipewa gramu, gawanya kwa uzito huo, utajua una moli ngapi."

Alinitazama kama mtu aliyeona paka anasoma gazeti. "Mbona mwalimu wetu hasemi hivi? Haya, gramu thelathini na sita za maji. Haidrojeni mbili, oksijeni kumi na sita, jumla kumi na nane. Moli mbili!"

"Hapana," nikasema. "Oksijeni haitembei peke yake. Weka thelathini na mbili. Jumla thelathini na nne."

"Nani kasema?"

"Babu yako."

Akacheka. "Shangazi jamani! Hiyo ni ya hewani, hewani ndiyo zinatembea mbilimbili. Kwenye maji ni moja tu. Tazama fomula yenyewe ilivyoandikwa, H2O." Akanisogezea kitabu.

Nilitazama. Mkasi niliokuwa nimeushika niliuweka chini polepole.

Nilipomaliza kidato cha nne niliitwa kuhojiwa kwenye sekondari ya juu ya sayansi, mbali na nyumbani. Jioni ya kuamkia siku hiyo baba aliniketisha mezani, akaniuliza swali hilihili. Nikajibu moli mbili. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanielekeza thelathini na nne, akanirudisha tena na tena mpaka ikaniingia. Kesho yake, mbele ya walimu watatu, nilisema moja na kitu. Wakatazamana. Niliporudi nyumbani baba alinishika bega akasema, "Si kila kichwa ni cha kemia, mwanangu." Sikufungua tena kitabu cha kemia. Nikabaki nyumbani.

Kaka alikuja kumchukua binti yake na kujaribu shati lake la Jumamosi. Nikamwambia mtoto atangulie nje.

"Kaka, baba hakujua uzito wa maji?"

Alikuwa anafunga shati. Vidole vikasimama.

"Umeanza nini tena?"

"Ulikuwa mezani siku ile. Ulikuwa unakula."

Akavuta pumzi. "Mama alikuwa hawezi hata kugeuka kitandani, unakumbuka. Ilibidi mmoja wetu abaki amuuguze."

"Si angeniomba?"

"Ungekataa."

"Ningekubali," nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli. "Ningekubali, kaka. Nisingejiona mjinga maisha yangu yote. Na wewe ulijua."

"Nilikuwa kijana, dada. Baba aliniambia ninyamaze."

"Na ulipokuwa mtu mzima, nani alikunyamazisha?"

Akavua shati, akalikunja. Mlangoni aligeuka. "Jumamosi utasema, lakini?"

"Nenda, mtoto anakungoja."

Nilisema. Nilisimama mbele ya ndugu nikaeleza jinsi baba alivyopenda kung'arisha viatu vyake mwenyewe, jinsi alivyokasirikia redio kana kwamba inamsikia, jinsi alivyoniomba maji mwishoni na kunishika mkono asiuachie. Wengine walicheka, wengine wakafuta machozi. Mimi pia nililia, kwa sababu nampenda bado, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Lile jambo moja, kwamba baba hakuwahi kunidanganya, sikulisema. Mpwa wangu nilikuwa nimeshamweleza yote asubuhi ile, ili asije mtu akamwambia kwamba vichwa vya wanawake wa kwetu si vya kemia. Kaka ndiye aliyejua nimeruka nini. Aliketi safu ya mbele, kichwa ameinamisha, akichezea kifungo cha shati nililomshonea.